Jaji Aliyevua Viatu

Nsimire aliporudi kutoka kazini asubuhi ile, alikuta nyumba imenyamaza. Kimya hicho ndicho kilichomshtua. Mzee Azarias, aliyekaa sehemu ya chini, alikuwa na desturi ya kuimba kila alfajiri, nyimbo za kanisa kwa Kimashi, lugha ya kwao Kongo, sauti ikipanda ngazi hadi juu alikokaa Nsimire na binti yake. Kuna siku Nsimire alitamani anyamaze kidogo ili alale, maana kazi ya kuwahudumia wazee kule Lackawanna inachosha mgongo. Leo mzee alikuwa amenyamaza, na roho ya Nsimire haikutulia.

Ilikuwa nyumba ya mbao ya ghorofa moja, mtaa wa Riverside, Buffalo, karibu na mto Niagara, mahali ambapo upepo wa baridi haubishi hodi. Shofaji, ule mtambo wa chini ya nyumba unaopasha vyumba joto, ilikufa kabla ya Krismasi. Mwenye nyumba aliishi mbali, Columbus. Aliitwa Venance, Mtanzania, na Nsimire hakuwahi kumwona, alimjua sauti tu. Sauti yenyewe ilikuwa ya upole. "Fundi anakuja, dada," alisema kila alipopigiwa. Fundi hakuja. Basi juu na chini waliota moto wa jiko la gesi, mlango wa oveni ukiwa wazi kama mdomo.

"Papa Azarias!" Nsimire aliita, akasukuma mlango.

Mzee alikuwa sakafuni jikoni, kiti kimepinduka kando yake. Oveni ilikuwa inawaka. Madirisha yalizibwa kwa plastiki na gundi, hata upenyo wa kupitisha uzi haukuwamo. Nsimire alipiga magoti kumshika, na papo hapo kichwa kikaanza kumgonga.

Binti yake, Séphora, alishuka ngazi mbio, bado na nguo za kulalia. Aliona oveni, akaona mzee, akapiga kelele kwa Kiingereza kisha kwa Kiswahili, "Mama, toka! Toka nje! Ni gesi!" Mama akamshika mzee makwapani, binti akamshika miguu, wakamburuta mpaka barazani, kwenye theluji. Hapo ndipo Séphora alipopiga nain-wan-wan, namba ya dharura.

Wazimamoto walifika upesi. Mmoja aliingia na kifaa kidogo mkononi, kikalia bila kukoma. Alieleza kwamba ni hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na kwamba mzee asingemaliza saa nyingine akiwa mle ndani. Azarias alichukuliwa hospitali akiwa na barakoa ya hewa usoni. Macho yalikuwa yamefumbuka. Nsimire alishukuru Mungu kwa sauti kubwa, majirani wakimtazama.

Wale wazimamoto hawakuwasha injini na kwenda zao. Mkubwa wao alipiga simu, na kabla ya adhuhuri alikuwa amekuja mtu wa jiji, mkaguzi wa nyumba aitwaye Delgado, mnene, mwenye viatu vizito na pumzi fupi. Alishuka kwenye mtambo chini ya nyumba, akakaa muda mrefu. Alipopanda alikuwa na vumbi la kutu hadi kwenye nyusi.

"Hamlali hapa leo," alisema, naye Séphora akatafsiri. "Jiji litawapa chumba hotelini. Na kesi hii naipeleka Mahakama ya Nyumba. Mama yako atakubali kuja kusema alichokiona?"

Nsimire alisikia neno mahakama, akarudi nyuma hatua moja. Huko Bukavu alikotoka alimwona baba yake akienda mahakamani kwa ajili ya shamba. Alikwenda na ukweli, mwenzake alikwenda na shemeji aliyevaa magwanda. Baba alirudi bila shamba na bila ukweli, maana hata ukweli uliandikwa upya siku ile.

"Mwambie nitafikiri," alijibu.

Habari haikukaa. Jioni ile, kabla hawajamaliza kupanga mifuko hotelini, kaka yake Cubaka alipiga kutoka Louisville. Cubaka alikaa Okolona, akiendesha gari la kusambaza mizigo ya maghala, na alikuwa mtu wa hasira ya karibu na machozi ya karibu.

"Mudogo yangu, acha ile mambo ya tribunal. Nitakuja na camion, nibebe bitanda byenu. Huku Okolona kazi iko. Tribunal ni ya batu bakubwa, unajua vizuri."

"Yaya, na Papa Azarias?" aliuliza, akimwita kaka yake kwa neno la kwao.

"Bon, tutamubeba naye."

Kisha akapiga Venance. Sauti ilikuwa ile ile ya upole, lakini safari hii ilitetemeka. "Dada Nsimire, nimesikia. Pole sana, kweli pole. Nakuomba, tuyamalize kindugu. Sisi ni watu wa lugha moja. Ukisimama mbele ya jaji utaniangamiza."

Hata kanisani walikuwamo waliomshauri hivyo. Nguo chafu hufuliwa nyumbani, walisema. Nsimire aliwasikiliza wote. Kesho yake alikwenda hospitali, akamkuta Azarias amekaa kitandani anakunywa supu.

"Mama Séphora," mzee alisema, "miye nilikuwa ninaimba. Nilifika mu ubeti wa pili, sikujua tena kintu."

Akatabasamu kama mtoto aliyekosea. Nsimire alitoka mle chumbani, akasimama kwenye korido, akampigia Delgado mwenyewe kwa Kiingereza chake cha kukwaruza. "I come," alisema. "I talk."

*

Mahakama haikufanana na ile ya kumbukumbu zake. Ilikuwa chumba cha mbao nyeusi chenye madirisha marefu. Jaji alikuwa mwanamke mwenye mvi zilizokatwa fupi, jina lake Kosmider, wa ukoo wa wale Wapolandi waliojenga nusu ya mji. Lakini kilichomshangaza Nsimire ni watu waliokaa chini yake. Delgado alikuwapo. Mwanasheria wa jiji alikuwapo. Alikuwapo pia muuguzi kutoka idara ya afya ya kaunti, na mama mmoja mfanyakazi wa mahakama ambaye, alivyoambiwa, kazi yake ni kuhakikisha hawa wote wanazungumza. Na kando ya kiti chake Nsimire alikaa mkalimani, Bwana Eliakunda, mzee mtaratibu kutoka Moshi, aliyevaa tai.

"Hawa wote ni wa serikali moja?" Nsimire alinong'ona wakisubiri.

Eliakunda hakujibu kwa kichwa chake. Alimgeukia Delgado, akampa swali, akaleta jibu. "Anasema hapana. Jaji ni wa jimbo la New York. Yeye Delgado analipwa na jiji. Muuguzi ni wa kaunti. Kila mmoja ana bosi wake."

"Na banapatana?"

Delgado alicheka aliposikia. "Anasema si kila siku," Eliakunda alitafsiri. "Lakini nyumba hazingoji wapatane."

Venance alitokea kwa video kwenye kioo kikubwa ukutani, kutoka Columbus. Kwa mara ya kwanza Nsimire alimwona uso. Alikuwa mtu wa makamo mwenye miwani, shati limepigwa pasi vizuri, na nyuma yake rafu ya vitabu. Aliapa kusema kweli. Akasema wakala wake wa Buffalo amemhakikishia kwamba mtambo umetengenezwa wiki iliyopita.

Jaji hakumkaripia. Aligeuka tu. "Bwana Delgado, uliingia lini chini ya nyumba ile?"

"Leo asubuhi, mheshimiwa, kabla sijaja hapa." Akainua simu yake, na picha ikatokea kwenye kioo kando ya uso wa Venance. Shofaji ilikuwa imelala pale imepasuka, bomba lake limening'inia kama mkono uliovunjika.

Venance alivua miwani.

Ikafika zamu ya Nsimire. Alisimama. Jaji alimwomba aeleze kwa lugha yake, pole pole. Nsimire akaanza, "Shofaji ilikufa mbele ya Noeli..."

Eliakunda alisita. Aliinua mkono kwa heshima. "Mheshimiwa, mkalimani anaomba ruhusa kumuuliza shahidi maana ya neno." Kisha kwa Kiswahili, "Mama, shofaji ni nini? Ni tanuru?"

"Tanuru ni ya kuchoma matofali, papa. Shofaji! Ile inaleta joto mu nyumba."

"Ahaa. Nashukuru."

Nsimire aliogopa kwamba jaji atachoka. Watu wakubwa huwa wanatazama saa. Huyu aliweka kalamu chini, akakunja mikono, akangoja hadi wale wawili wakaelewana, kisha akaitikia kwa kichwa kumwashiria aendelee. Basi Nsimire akaendelea. Alisimulia baridi, oveni, plastiki ya madirishani, Papa Azarias na wimbo uliokatika.

Jaji akatoa amri zake moja baada ya nyingine, na kila moja ilipata mtu wa kuibeba. Mtambo mpya uwekwe wiki hii, na mwenye nyumba asipoweza, fundi wa dharura wa jiji auweke. Hapo mwanasheria wa jiji akasimama kusema fundi yuko tayari, na kwamba kuna mkopo wa jiji wa matengenezo ambao Bwana Venance anaweza kuuomba. Muuguzi wa kaunti aende kuwapima mzee Azarias, Nsimire na binti, na akague vyumba vyote. Wapangaji wasifukuzwe. Kisha jaji akamtazama Nsimire.

"Mama, kuna jambo lingine unaloiomba mahakama hii?"

Nsimire hakuwa amejiandaa kwa swali hilo. Hakuna mwenye kiti cha juu aliyewahi kumuuliza anataka nini. Angeweza kusema amtoze, amfunge. Aliutazama uso wa Venance kwenye kioo, umeinama.

"Ninaomba akuje," alisema. "Anasikiaka kwa simu tu. Akuje aone kwa macho yake. Asimame pale Papa Azarias alianguka."

Eliakunda alipotafsiri, sauti yake ilishuka kidogo. Jaji aliandika, kisha akasema, "Atakuja. Na mimi nitakuja."

*

Venance alipiga simu akisema hajawahi kuendesha gari kwenye theluji ya ziwani, anaogopa barabara ile ya kupita Cleveland na Erie. Nsimire alimweleza Cubaka ili amtulize, akaongeza kuni badala ya maji.

"Anaogopa barabara? Columbus iko njiani yangu! Donc nitamubeba mwenyewe. Nitamuweka mbele, karibu, tuzungumuze."

"Yaya, usimupige."

"Sitamupiga. Nitaendesha."

Namna safari ile ilivyokwenda, Nsimire aliijua baadaye kwa vipande. Cubaka alimkuta Venance amesimama nje ya nyumba yake na begi, kama mwanafunzi anayerudishwa shule. Kutoka Columbus hadi Cleveland Cubaka alisema peke yake, kwa sauti ya juu, bila kituo. Karibu na Erie theluji iliwazingira, malori yakalala pembeni mwa barabara, na ikabidi Venance ashushe kioo awe anatazama mstari wa njia ili mwenzake asipotee. Hapo ugomvi ulikatika wenyewe. Walipofika Buffalo walikuwa wamekula kutoka bakuli moja ugali wa baridi na sambaza, dagaa wa kwao, alizopika mke wa Cubaka, na Cubaka alikuwa amejua jambo ambalo hakuna aliyelijua. Venance hakuinunua nyumba kwa uroho. Aliinunua kwenye mtandao, akidhani mama yake atakuja kutoka Bukoba akae karibu na binti yake, dada wa Venance, aliyekuwa Buffalo wakati ule. Mama alifariki kabla ya viza. Baada ya hapo hakutaka hata kuiona.

"Hiyo haimuponyi Papa Azarias," Cubaka alimwambia dada yake, akiwa bado ameshika usukani. "Lakini ni mutu."

Siku ya ukaguzi theluji ilikuwa imelala hadi kwenye ngazi ya baraza. Nsimire alitangulia na Séphora. Delgado alikuja na koleo, akaanza kusafisha njia bila kuombwa, akihema. Muuguzi wa kaunti alikuja na mkoba wake. Eliakunda alikuja, na tai yake chini ya koti zito. Mwisho ikaja gari ndogo ya kawaida, akashuka jaji, peke yake na karani wake, kavaa buti za mpira na kofia ya sufu iliyofumwa kwa mkono.

Alifika mlangoni mwa Nsimire. Pale kizingitini vilipangwa viatu vya wenyeji, kama ilivyo desturi ya nyumba za Waafrika wa Riverside. Hakuna aliyemwambia kitu. Jaji alivitazama, akainama, akavuta buti moja, akavuta ya pili, akaziweka sambamba na za Séphora. Akaingia na soksi, katika nyumba isiyo na joto.

Cubaka alikuwa amesimama kwenye kona ya sebule, tayari kubeba vitanda. Alitazama zile soksi za kijivu, akamtazama dada yake, kisha akavua na yeye viatu alivyosahau kuvivua.

Walikwenda wote jikoni kwa Azarias. Delgado alionyesha alama moto ulizoacha juu ya oveni. Muuguzi alieleza hewa ile inavyoingia kwenye damu. Venance alisimama katikati ya sakafu. Hakuna aliyemwelekeza, lakini ndipo penyewe.

"Alikuwa hapa?" aliuliza.

"Hapo," Nsimire alisema. "Kichwa kilielekea mlango."

Venance alichuchumaa, akagusa sakafu kwa kiganja. Alikaa hivyo mpaka Séphora akageuza uso. Aliposimama alisema kwa Kiswahili, bila kumtazama mkalimani, "Nimekosa. Sikutaka kuona, nikasema sikujua." Eliakunda aliyatafsiri maneno hayo neno kwa neno kwa jaji, na jaji akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyepokea kitu cha thamani.

Cubaka hakuweza kujizuia. Alipitia kwa Eliakunda kumuuliza mheshimiwa kwa nini anakuja mwenyewe kwenye baridi hii, ilhali ana kiti na joto lake mjini.

Jaji alicheka. "Mwambie mimi nina kalamu tu," Eliakunda alitafsiri. "Sina fundi, sina kipimo cha gesi, sina kitanda cha hoteli. Vyote hivyo viko kwa hawa. Na wao bila kalamu yangu wangepiga simu Columbus hadi wazeeke. Kwa hiyo huwa nakuja kutazama kama kalamu yangu imefika."

"Mafiga," Nsimire alisema taratibu.

"Anasemaje?" jaji aliuliza.

Eliakunda alifikiri kidogo, kisha akaeleza yale mawe matatu ya jikoni, kwamba chungu hakikai juu ya jiwe moja. Delgado alipenda. Alirudia neno lile mara kadhaa, kila mara akiliharibu upya.

Mafundi wa jiji walikuwa wakingoja kwenye gari lao. Jaji alipotia saini juu ya meza ya jikoni ya Azarias, waliingia mara moja. Venance alivua koti akashuka nao, na Cubaka akamfuata. Waliibeba ile shofaji iliyokufa watu wanne, wakiguna, hadi kwenye gari lililokuja kubeba vitanda. Mchana ule Cubaka aliipeleka Lackawanna kwa wanunuzi wa chuma chakavu, na vitanda vikabaki mahali pake.

Jioni ilipoingia, matundu ya sakafuni yalianza kupumua. Kwanza vumbi, kisha harufu ya chuma kipya, kisha joto. Séphora alilala chali juu ya tundu moja la hewa, mikono ameipanua, akasema, "Oh my God, Mama," wala hakutaka kuinuka.

*

Kesi haikwisha siku hiyo. Iliitwa tena, na tena. Kila mara Delgado alileta picha, muuguzi alileta majibu, na Venance, ambaye sasa alikuwa anakuja mwenyewe, alileta kazi iliyofanyika. King'ora cha gesi kiliwekwa kila ghorofa, madirisha yakabadilishwa, ngazi ya nyuma ikajengwa upya. Wakala alifukuzwa. Nsimire alianza kujua korido za mahakama kama anavyojua za kazini. Aligundua pia kwamba si kila nyumba inapona. Alishuhudia kesi ambayo jaji alitoa amri nyumba ibomolewe, na mwenye nyumba, bibi wa Kizungu aliyezaliwa humo, alilia, naye yule mama mfanyakazi wa mahakama akaenda kukaa kando yake, akishika simu kutafuta mahali pa kumpeleka kabla ya machweo.

Azarias alirudi nyumbani mwezi Machi. Alitembea vyumbani akigusa kuta kama anayesalimia watu. Daktari alimkataza kuimba kwa nguvu, naye akawa anaimba kwa sauti ya chini.

Siku jaji alipofunga kesi, aliwashukuru watu wote kwa majina, hata fundi. Alipofika kwa Nsimire alimwambia kwamba amri yake iliyofaa zaidi kuliko zote katika kesi ile haikuwa yake, ilikuwa ya shahidi aliyetaka mwenye nyumba aje. Nsimire alimtazama Eliakunda kuhakikisha amesikia sawa. Eliakunda aliyasema mara ya pili, akitabasamu.

Jumapili iliyofuata, kanisani, Azarias aliomba nafasi ya kuongoza sala. Alisimama kwa taabu, akashika mgongo wa benchi. Alimwombea Jaji Kosmiderè, alivyomwita. Alimwombea Papa Delegado wa jiji na mama wa kaunti, na wazimamoto, na Tanzanien mwenye tai anayetafuta maneno. Venance alikuwapo siku hiyo, amekaa nyuma karibu na mlango, amekuja kutoka Columbus kukagua paa. Alipolisikia jina lake katika orodha ya sala, baada ya fundi na kabla ya wagonjwa, aliinama mpaka paji la uso likagusa mikono yake.

Nsimire, aliyekuwa benchi la mbele yake, hakugeuka. Alisogea kidogo, akaacha nafasi, na wimbo ulipoanza alimwita kwa mkono aje akae.